Wasomaji Wanauliza: Kinywaji cha Mabungo na Majani ya Harufu

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mama wa nyumbani, ninaishi Wete, Pemba. Kaskazi hii tutapokea wageni wa harusi ya mdogo wangu, nami ningependa kuwaandalia kinywaji baridi cha matunda na majani, mfano wa vile vya nchi za nje ambavyo aghalabu huchanganywa na kilevi. Kwetu kilevi hakiingii. Nilijaribu kusaga mabungo, nanaa, mchaichai na tangawizi kwa pamoja katika blenda, kisha nikakamulia ndimu. Kilichotoka kilikuwa kichungu, kina nyuzinyuzi, na rangi yake ilikuwa ya kahawia. Nimekosea wapi?
(Msomaji wa Wete)

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada yetu. Vitu ulivyochagua ni vizuri na vinapatana. Kosa ni kuvitia vyote katika blenda kwa wakati mmoja, ilhali kila kimoja hutoa ladha yake kwa njia yake. Kokwa za bungo zikikatwa na visu vya blenda huachia uchungu. Jani la mchaichai ni gumu, halisagiki, bali hukatikakatika likawa nyuzi. Nanaa nayo ikisagwa sana hutoa ladha ya majani mabichi, ikaifunika ile harufu uliyokuwa ukiitafuta. Ama rangi ya kahawia, sababu yake ni kwamba ukijani wa majani hufifia unapokutana na ukali wa ndimu au wa bungo, na hufifia upesi zaidi penye moto.

Anza kwa kupika shira, maana hiyo ndiyo itakayobeba harufu zote. Changanya kikombe 1 cha sukari na kikombe 1 cha maji, utie mabua 4 ya mchaichai yaliyopondwa kidogo kwa mchi, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba kilichokatwa vipande vyembamba, na punje 5 za iliki zilizopasuliwa. Chemsha kwa moto mdogo kwa dakika 10 huku sufuria imefunikwa, kwa kuwa harufu hupanda na mvuke, na jiko likinukia sana ujue gilasi itanukia kidogo. Hapo epua, na ni baada ya kuepua tu ndipo utie kiganja kimoja cha nanaa. Funika tena kwa dakika 15, kisha chuja na uache ipoe. Mchaichai na tangawizi huvumilia moto, nanaa haivumilii. Najua kuwa kwa mtu wa Pemba ni vigumu kupika shira bila ya mkono kwenda kwenye karafuu, na mimi sikukatazi, ila zisizidi 2 kwa sufuria hiyo: mafuta ya karafuu huutia ulimi ganzi, ndiyo maana wazee huitumia kwa jino linalouma, na ulimi uliokufa ganzi hauonji bungo.

Mabungo 6 makubwa yanatosha kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Pasua ganda, toa kokwa pamoja na nyama yake, loweka kwa muda wa saa moja, kisha zivuruge kwa mkono safi au kwa mwiko mpaka nyama iachane na kokwa, na uchuje. Kazi hii huchosha, nami sioni njia ya mkato iliyo nzuri kuliko mkono. Usipopata mabungo, chukua gramu 200 za ukwaju, uloweke katika maji ya moto kiasi hicho hicho na uukamue. Kinywaji kitakuwa kizito zaidi na chenye rangi iliyokoza, lakini kitapendeza.

Umetaja kilevi, nami nitalijibu hilo kwa kuwa lina maana katika ladha. Katika vinywaji hivyo kilevi hutia ule mchomo wa kooni na kuupunguza utamu, ndiyo sababu juisi iliyoondolewa kilevi bila ya kuwekewa kitu badala yake huonekana imepwaya. Mchomo utaupata kwa tangawizi. Kwa kuukata utamu unahitaji ukakasi, na ukakasi tunao: tia nusu kikombe cha chai ya rangi iliyokolea na kupozwa katika jagi moja. Wageni hawataitambua kuwa ni chai, ila watahisi kuwa kinywaji kina uzito mdomoni.

Wakati wa kupakua, changanya juisi na shira kidogo kidogo huku ukionja, na uonje ikiwa na barafu, kwa sababu ubaridi huufanya ulimi usiuhisi utamu vizuri, na barafu nayo ikiyeyuka huongeza maji. Ndimu ikamuliwe mwisho kabisa, bila ya kuliminya sana ganda lake. Kwa ajili ya sura na harufu, piga majani machache ya nanaa mbichi kwa viganja viwili na uyaweke juu ya kila gilasi. Ukiwa na mrihani uani, ujaribu pia. Sisi tumeuzoea zaidi katika kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia wanachojipamba wanawake, kuliko katika gilasi, lakini jani lake moja juu ya bungo ni zuri mno. Barafu nayo itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa, kwani ugandishaji hauui vijidudu vyote.

SWALI: Mimi huchanganya nanasi, tangawizi mbichi na maziwa kwa ajili ya watoto, na baada ya muda mfupi huwa machungu. Je, maziwa yameharibika?
(Msomaji wa Mwanakwerekwe, Unguja)

JIBU: Maziwa yako ni mazima. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunjavunja protini, na protini ya maziwa ikivunjwa hivyo huleta uchungu. Tangawizi mbichi na papai vina vimeng'enya vya namna hiyo pia. Moto huvidhoofisha vimeng'enya hivyo, kwa hiyo chemsha nanasi pamoja na tangawizi na sukari kwa dakika chache, poza kabisa, ndipo utie maziwa baridi na unywe papo hapo, kwani ukali wa nanasi unaweza kuyakatisha yakikaa. Mimi, kama ni kwa watoto, ningeacha maziwa na kutumia maji ya dafu, ambayo hupatana na nanasi na nanaa bila ya matatizo hayo yote.

SWALI: Naweza kuandaa siku ngapi kabla ya shughuli?
(Msomaji wa Chake Chake)

JIBU: Shira iliyochujwa na kutiwa katika chupa safi yenye kifuniko hukaa wiki moja katika friji bila ya wasiwasi. Juisi ya bungo au ya ukwaju iandae siku moja kabla, isizidi siku mbili, na umeme ukikatika kwa muda mrefu usiipe wageni. Ndimu na majani mabichi hungoja wageni wakae.