Jibu: Mama hapati usingizi kwa sababu ya klipu ya Popobawa

Waalaikumu salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza ufanyeje na mama, ambaye tangu asikie klipu ya sauti inayodai kwamba Popobawa, lile jini linalosemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, amerudi Pemba, halali tena chumbani, na ukimwambia ni uzushi anakujibu kwamba redio zinaficha.

Kwanza utazameni pamoja ujumbe wenyewe katika simu yake. WhatsApp huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliopitishwa mara nyingi, na mama yangu mimi, aliyekuwa na hofu kama hiyo, alipoiona aliuliza, "Kumbe anayesema si jirani yetu?" Nikamwomba ampigie shoga yake aliyemtumia, naye alikuwa ameipata kwa mwengine, na huyo kwa mwengine, wala hatukumfikia aliyeona kitu kwa macho yake.

Usimcheke. Mwaka 1995 hofu hiyo ilianzia Pemba, ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam bila ya simu hizi; nilikuwa mdogo, nikilazwa uani juu ya mkeka baina ya majirani, moto ukikokwa mpaka alfajiri, na kila aliyepita akiongeza lake. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na kwa maoni yangu nyoyo zilikwishajaa wasiwasi kabla ya uvumi kufika.

Mjadala wa redio uache kabisa, kwani utambishia mpaka asubuhi. Akiendelea kuogopa, tandika ukumbini ulale karibu naye siku mbili tatu. Kwangu hilo lilifaa kuliko hoja zote.