Spea za AC ya nje: maswali ya wasomaji wa Nairobi

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu ambao AC zao zimegoma. Fundi amekuja, akatazama, akawaambia waende mjini wakanunue kitu. Tumeyafupisha tu.

Mashine ya nje inavuma lakini feni haizunguki. Nikiisukuma kwa kijiti inashika mwendo. Fundi anasema kompresa, ile pampu ya gesi, imekufa. Ni kweli? (South B)

Usilipe bado, na kijiti hicho kiweke kando kabla hakijavunja panga la feni. Feni inayoshika mwendo baada ya kusukumwa mara nyingi ina mota nzima iliyokosa nguvu ya kuanzia, na nguvu hiyo hutoka kwa kapasita, kopo linalohifadhi chaji ya umeme. Katika AC zisizo za inveta (zile zisizobadilisha kasi ya kompresa), kompresa ina kapasita yake kubwa na feni ina yake ndogo. Mashine nyingine huziweka zote mbili ndani ya kopo moja lenye ncha tatu zilizoandikwa C (ya pamoja), FAN (ya feni) na HERM (ya kompresa). Upande wa feni ukifa, kompresa hufanya kazi dakika chache bila upepo, inachemka, kisha inajizima. Hapo ndipo inaposingiziwa.

Zima breka ya AC, ile swichi yake ya kwenye ubao wa stima, maana rimoti haikati stima kwenye mashine ya nje. Zungusha feni kwa mkono: ikiwa nzito au inakwaruza, tatizo ni beringi. Ikizunguka laini, fungua kifuniko cha pembeni na upige picha ya nyaya kabla ya kugusa chochote. Kapasita hubaki na chaji hata stima ikikatwa. Imalize kwa rezista ya omu 20,000, wati 5, ukiigusisha kwenye ncha zake kwa sekunde kadhaa huku umeishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki, halafu hakikisha kwa multimita kwamba volti zimeshuka karibu na sifuri. Ile tabia ya kugonganisha ncha kwa bisibisi iacheni. Cheche yake inaweza kuunguza mkono na kuharibu kapasita iliyokuwa nzima.

Sasa chomoa nyaya upime maikrofaradi, yaani uwezo wa kapasita. Kopo lililoandikwa 35, asilimia 5 juu au chini, linatakiwa lisome kati ya 33.25 na 36.75. Likisoma 22, limekufa hata kama kwa nje linang'aa. Kopo lililovimba kichwani halihitaji kupimwa.

Dukani, maikrofaradi ziwe zilezile. Volti ziwe zilezile au zaidi: palipokuwa na 440 weka 440 au 450, usishuke. Omba kapasita ya kuendeshea mota, si ya kuwashia. Ya kuwashia kwa kawaida ni kopo jeusi la plastiki lililoandikwa kiwango cha kutoka-mpaka, kwa mfano 88–108. Imeundwa kufanya kazi sekunde chache tu, na ukiiacha kwenye laini itapasuka. Kopo la ncha tatu likikosekana, nunua mawili ya kawaida, moja la kompresa na moja la feni, uunganishe upande wa C wa yote mawili. Beba multimita yako na upime hapohapo kaunta. Muuzaji mwenye mali safi hatakukataza.

Kabla ya kufunga mpya, tafuta kilichoiua ya zamani. Kapasita huuawa na joto. Tazama kondensa, yale mapezi membamba ya alumini nyuma ya mashine. Vumbi jekundu la Nairobi likishikana na mvua linakuwa kama plasta. Lioshe kwa maji ya mpira yasiyo na presha kali, ukitokea upande wa ndani kwenda nje, stima ikiwa imezimwa. Mashine iliyobanwa kwenye kibalkoni na kuzungushiwa grili itaendelea kula kapasita hadi ipate mahali pa kutolea hewa ya moto.

Nimeambiwa ninunue bodi (sakiti inayoendesha mashine) ya AC ya 12,000 BTU. Maduka ya Luthuli Avenue wanayo. Itafaa? (Eastleigh)

BTU si namba ya spea. 12,000 BTU kwa saa ni kiasi cha ubaridi, kama kilowati 3.5, na AC za kiasi hicho ni za aina nyingi mno. Bodi ya inveta imepangwa kwa kompresa fulani, na ukiiweka kwenye nyingine itatoa msimbo wa hitilafu au itaungua.

Piga picha tatu: kibandiko cha mashine ya nje (cha ndani kina modeli yake tofauti, usimpe muuzaji hicho), kibandiko kilicho juu ya bodi yenyewe, na soketi zote. Namba ya bodi ilingane mpaka herufi ya mwisho.

Lakini bodi ndiyo spea inayolaumiwa bure kuliko zote, na maduka mengi hayaipokei tena ikishafungwa. Kwa hiyo, kwanza zima breka, subiri dakika 10 ili kapasita kubwa za bodi zimalize chaji, na upime kama chaji imeisha kweli. Kisha angalia fyuzi. Angalia pia mjusi kafiri. Huingia kufuata joto na wadudu, anakanyaga njia mbili za shaba kwa pamoja, anakufa palepale na bodi inakufa naye. Utakuta doa jeusi na mifupa midogo imeshikamana na rangi. Ukimkuta, bodi mpya ni halali yako, ila ziba kwa raba tundu alilopitia.

Usipomkuta, pima sensa za joto. Kila moja ina omu zake katika nyuzi 25: kuna za 5,000, 10,000, 20,000, 50,000. Ukiishika kwa vidole, omu zinatakiwa zishuke taratibu. Iliyokatika haisomi kitu, na bodi nzima inakataa kuwasha kompresa kwa sababu yake. Sensa ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na bodi, basi anza nayo.

AC yangu ni ya gesi ya R22. Fundi anataka kuijaza gesi nyingine, R410A, kwa kuwa ndiyo anayo. (Donholm)

Mkatalie. Presha ya R410A inaizidi ya R22 kwa zaidi ya nusu, na oili zao hazifanani: kompresa za R22 kwa kawaida zina oili ya madini, ambayo haichanganyiki na R410A, hivyo oili hubaki kwenye mabomba na kompresa inakauka. Gesi ya R32 nayo isiingizwe kwenye mashine ya R410A eti presha zinakaribiana, kwa sababu R32 inaweza kushika moto.

R22 inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zinaiondoa kufikia 2030, na kiasi kidogo tu kinabakizwa cha matengenezo mpaka 2040. Kwa hiyo kununua kompresa mpya ya R22 leo ni pesa zinazoelekea ukingoni. Kapasita au mota, nunua. Kompresa ikifa, weka hizo pesa kwenye AC nyingine.

Tena, gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua imevuja. Paka povu la sabuni kwenye nati za shaba, zibeni tundu, ndipo mjaze kwa mizani kwa kilo zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Tumebadilisha kompresa. Wakati wa kuvuta hewa kutoka kwenye mabomba, geji ilisimama kwenye inchi 24 za zebaki hivi, haikufika 30. Pampu ya fundi ni mbovu? (Lang'ata)

Huenda ni nzima kabisa. Geji ya kawaida hupima tofauti ya ndani na nje ya bomba. Mombasa, usawa wa bahari, tofauti hiyo inaweza kukaribia inchi 30 za zebaki. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu, hewa ya nje yenyewe ni nyepesi, na hata ukitoa kila tone la hewa mshale utaishia 24 au 25.

Shida ni kwamba mshale huo hauwezi kukuambia kama ndani kumebaki unyevu. Mwambie fundi aje na geji ya maikroni, inayopima hewa kidogo sana iliyobaki ndani. Avute mpaka chini ya maikroni 500, afunge valvu ya pampu, mtazame dakika 10. Ikipanda kidogo ikatulia chini ya 1,000, ni sawa. Ikipanda ikasimama karibu na 2,000, kuna maji, aendelee kuvuta. Ikipanda bila kusimama, kuna mvujo. Mashine za R410A na R32 hutumia oili inayofyonza unyevu wa hewani, na unyevu ukikutana na oili hiyo hutengeneza asidi inayokula waya za kompresa. Ndiyo maana kila kompresa mpya iende na chujio jipya la kukaushia.

Mota ya feni imeungua. Isukwe waya upya au ninunue? (Kasarani)

Ikiwa ni ya kawaida yenye kapasita, fundi wa mota anaweza kuisuka. Ikiwa na nyaya tano na soketi, ni ya inveta, ina sakiti ndani, nunua. Linganisha volti, wati, urefu na unene wa shafti, nafasi za matundu ya skrubu, na upande inaozungukia. Hakikisha ni ya hezi 50. Mota ya Marekani ya hezi 60 ikifungwa hapa huzunguka polepole, upepo unapungua, kompresa inateseka. Wakati wa kulitoa panga usilazimishe nati: nyingi hufunguka kinyume.

Kompresa ya mtumba ni nafuu sana. Ninunue? (Umoja)

Hapana. Mdomo wake umekaa wazi hewani na oili imeshanyonya unyevu. Mpya huja imezibwa kwa vizibo vya raba, na ukivuta kizibo gesi ya kuilinda hutoka kwa mlio wa pssss. Isipolia, irudishe kaunta.

Na kabla ya kuihukumu ya zamani, iache ipoe saa kadhaa, maana swichi yake ya joto ikiwa imekatika, itasoma kama imekufa. Kisha, breka ikiwa imezimwa, chomoa nyaya upime omu kati ya ncha C (ya pamoja), R (ya kuendeshea) na S (ya kuwashia). C–R ikiwa 1.5 na C–S 2.5, basi R–S iwe 4. Kutoka ncha yoyote hadi kwenye chuma cha mwili kusiwe na njia kabisa. Zikikubaliana hivyo, waya zake ni nzima, rudi kwenye kapasita.