Saratani ya umio: stenti huzibua njia, haiponyi

SWALI: Baba yangu ana miaka 62. Alianza kukwamwa na vyakula vigumu kifuani, sasa hata supu inapita kwa shida. Amekutwa na saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) na tumeambiwa anaweza kuwekewa stenti. Akishawekewa, atakuwa amepona? Kwa nini asipasuliwe moja kwa moja?

JIBU: Poleni sana, na mpeni pole mzee. Stenti ni mrija wa wavu wa chuma unaotanuka ndani ya umio ili chakula kipite. Saratani inabaki palepale. Huwekwa hasa pale ugonjwa umeshasambaa na lengo ni mgonjwa aweze kumeza. Kama kuponya bado kunawezekana, kwa kawaida stenti huepukwa, kwani inaweza kuhama au kutoboa umio na kuutatiza upasuaji. Kwa hiyo muulizeni daktari kwanza: ugonjwa umefikia hatua gani? Endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni kuangalia umio) peke yake haitoshi kujibu. Kinyama kinachokatwa wakati wa kipimo hicho hutaja aina ya saratani. Picha ya CT ya kifua na tumbo huonyesha kama imefika kwenye tezi, ini au mapafu.

Ikiwa imepenya ukuta wa umio lakini haijafika mbali, mara nyingi kisu hakitangulii. Mpango unaotumika sana ni dripu ya dawa za saratani mara moja kwa wiki, kwa wiki 5, sambamba na mionzi siku 5 za kila wiki. Uvimbe hunywea, na upasuaji hufuata wiki kadhaa baadaye. Sehemu kubwa ya umio huondolewa, kisha mfuko wa tumbo hufanywa mrija na kuvutwa juu kuziba pengo. Hapo kwenye maungio ndipo pa kuogopa: yakivuja, mgonjwa hupata homa, maumivu ya kifua na moyo kwenda mbio. Asiyeuweza upasuaji hupewa dawa na mionzi tu, na wapo wanaopona hivyo.

Lishe nayo isisubiri. Aliyekonda sana huhimili matibabu kwa shida, hivyo ombeni mapema mpira wa kumlishia kupitia utumbo mwembamba.

Akiishia kwenye stenti, ale akiwa ameketi wima, vyakula laini, kidogo kidogo, na kunywa maji katikati ya mlo. Kichwa cha kitanda kiinuliwe, hasa stenti ikiwa chini karibu na tumbo, maana tindikali hupanda. Siku akishindwa kumeza hata mate, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.