Maskati hadi Salalah peke yako: kwa sie tuliozoea kona za Pemba

Kila ukikaribia mwezi wa sita napokea simu za vijana wa Chake na Wete wenye jamaa zao Omani. Suali ni lile lile: nataka nende Salalah wakati wa kharif (msimu wa manyunyu na ukungu kule kusini mwa Omani), ami ananiazima gari, naweza kwenda peke yangu? Nawajibu unaweza. Mie nimekwenda, na nikipata nafasi nitakwenda tena. Lakini wengi wanajitayarisha kwa lisilokuwepo, na lililopo hawalijui.

Wanachoogopa ni mchanga. Njia kubwa, kilomita kama 1,000 kupitia Nizwa, Adam, Haima na Thumrait, ni lami, na vile vilima vya mchanga vya kwenye picha karibu huvioni safari nzima. Unachoona ni uwanda wa changarawe, bapa, hauna mti wala kona. Mbele yako mazigazi yanameremeta juu ya lami na hayafikiki. Hapo ndipo usingizi unapoanza.

Huku kwetu barabara haikuachi usinzie. Toka Mkoani hadi Konde ni kona, mteremko, ng'ombe, watoto wa skuli, na mtu kasimama katikati ya njia anazungumza na mwenzake wa baskeli. Kule unashika usukani tu, kiyoyozi kinakupuliza, na gari nyingi za Ghuba zina kengele inayolia ting, ting ukipita 120. Mwanzo inakuudhi, baadae inakubembeleza. Ikianza kukubembeleza, simama.

Ukiwa na mwenzio atakusemesha. Peke yako, usijidanganye kwa kahawa wala kwa kufungua dirisha. Nje joto digrii 45, unafungua nini? Shuka garini. Sheli kubwa za njiani zina msikiti na mkahawa, na mie ratiba yangu niliifunga na sala: unapunguza na kukusanya, maana ni msafiri, maji ya udhu yanakuamsha, unakunywa chai ya maziwa, unajinyoosha robo saa kivulini. Ondoka Maskati alfajiri ili magharibi isikukute njiani.

La magharibi silifanyii mzaha, kwa sababu ya ngamia. Ana mwenyewe, lakini anatembea apendavyo, na usiku humuoni mpaka umeshamfikia. Miguu yake mirefu: gari inampiga miguuni, kiwiliwili chote kinakuja kwenye kioo. Ng'ombe wa kwetu ukimgonga unalipa. Ngamia, huenda usiwepo wa kulipa.

Halafu matairi. Sie tukinunua tairi tunatazama kashata, ile michoro yake ya juu, basi. Joto la kule linapasua tairi lililozeeka hata kama kashata zake nzima. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2314, ni la wiki ya 23 ya mwaka 2014; mwambie ami, kwa adabu, kuwa hilo limeshastaafu. Spea nayo itazame, na jeki ijaribu nyumbani. Maji chukua lita kumi hata kama unajua sheli zipo, tangi lijaze likifika nusu. Mtandao unakatika baina ya mji na mji, kwa hivyo ramani ipakue mapema, na mtu mmoja Maskati ajue umetoka wapi na unategemea kufika wapi. Polisi wa dharura ni 9999. Mambo ya leseni na bima yaulize kabla, gari ya mtu haibahatishiwi. Na kumbuka kule wanapita kulia, kwenye kipilefti ndiko wageni wa kwetu wanakopotea.

Upweke wenyewe una sura mbili. Chakula alichonifungia shangazi, mikate ya ufuta na samaki wa kukaanga, nilikila peke yangu garini na hakikuwa na ladha. Lakini nikiwa peke yangu ndio watu walinisogelea. Haima nilikuwa nasema na mama kwa simu, mzee aliyekuwa anatia mafuta akageuka: "Mwanangu, wa Unguja au wa Pemba?"

"Shikamoo mzee. Wa Pemba."

"Pemba ipi?"

Nikamwambia Wete. Aliiacha gari yake palepale kwenye pampu, watu nyuma wanapiga honi, ananiuliza karafuu mwaka huu zimezaa au hazikuzaa. Tungekuwa wanne garini, tunacheka wenyewe kwa wenyewe, asingetusemesha.

Mchanga wenyewe, ukishawishiwa, usiingie peke yako. Tairi linataka kupunguzwa upepo, na gari ikizama unahitaji gari ya pili ya kukuvuta. Mie nilipita Thumrait, sikukunja kwenda kwenye Rub' al-Khali, lile jangwa kubwa la mchanga, na sijuti.

Baada ya Thumrait, msimu wa kharif, mwishoni mwa Juni hadi Septemba, unateremka mlima na dunia inabadilika. Joto linakatika, kioo kinalowa manyunyu, ukungu unashuka mpaka taa za gari ya mbele unazitafuta. Punguza mwendo, hapo kuna msongamano wa familia kutoka Ghuba nzima. Mlima kijani kitupu. Chini, kando ya barabara, vibanda vya madafu, ndizi na mapapai. Mpemba umekata kilomita elfu za changarawe kwenda kununua dafu! Nilinunua mawili.

Kurudi, kama ami hana haraka na gari yake, pita pwani: Mirbat, Hasik, Shuwaymiyah, Duqm. Ni mbali zaidi lakini bahari unayo mkono wa kulia. Sheli huko zimeachana sana, basi jaza Mirbat.