Maswali ya wasomaji: Mteja wa Goma hajalipa, na masika yanakaribia

SWALI: Shikamoo mama. Nanunua dagaa mialo ya Ukara na hapa Ukerewe, nawakausha, kisha nawaleta soko la Kirumba Mwaloni, Mwanza. Mteja wangu mkubwa ni wa Goma, Kongo. Tangu vita viingie mjini kwao, pesa ya mzigo niliompa mali kauli, alipe akishauza, ilikuja kidogokidogo, sasa imekatika. Nauli nazo zimepanda. Shoga yangu ananishauri nikope kwenye kikundi, ninunue mzigo mkubwa kabla ya masika, niuweke stoo hadi bei ipande. Nifanyeje?
Msomaji, Nansio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usikope. Kikundi kinataka rejesho lake kwa siku yake, na dagaa waliolala stoo hawaleti rejesho. Bei hupanda kweli wakati wa masika, lakini ni kwa dagaa wakavu. Wakishavuta unyevu na kuota ukungu, wanunuzi watawahesabu kuwa dagaa wa chakula cha kuku, na hapo hata mtaji hutaurudisha.

Huyo wa Goma usimhukumu haraka. Mji ulipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na mtu mwenye fedha zake halali hakuweza kuzitoa. Mpigie, mkubaliane kiasi kidogo anachokiweza, akitume kwa simu au kwa mfanyabiashara mwenzake anayekuja Mwaloni. Andika kwenye daftari, naye akutumie ujumbe wa kukiri deni. Ila mzigo mpya asiupate kwa ahadi ya kulipa ule wa zamani. Hapo ndipo nimeona wanawake wengi wa Kirumba wakimalizika.

Kilichokuumiza hasa ni kumtegemea yeye peke yake. Pale Mwaloni utawakuta wanunuzi wa Rwanda, wa Burundi, na wanaopeleka Lubumbashi kupitia Tunduma. Wapo pia wa hapahapa nchini, wa Tabora, Dodoma na Dar es Salaam. Hao wa ndani hununua kidogo na bei yao haisisimui, lakini hawasubiri kufunguliwa kwa mpaka wa nchi. Mimi nisingempa mteja mmoja zaidi ya theluthi ya mzigo, hata angekuwa ndugu yangu.

Sasa tuje kwenye ukaushaji, maana huko ndiko mikono yako inakofika. Vita vya Goma huviwezi, mvua huiwezi, lakini kichanja, yaani meza ya kuanikia iliyoinuliwa, unakiweza. Dagaa wa kichanjani hupitiwa na upepo juu na chini, hawana mchanga, na wingu likitanda unawafunika turubai palepale. Wa kwenye mchanga mvua ikiwakuta umewapoteza. Hela uliyotaka kuiongezea mkopo, nunulia mbao, nyavu kuukuu na turubai nzito. Stoo nako weka chaga za mbao chini, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Siku jua likigoma kabisa, kaanga. Dagaa wa kukaanga wana wateja wao hapa mjini, na kwa hao huhitaji lori wala mpaka.

Nunua kwa kufuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa siku za giza, mwezi usipoonekana, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi mingi hulala nchi kavu. Basi kausha wa kutosha siku hizo za giza ili mbalamwezi ikukute na magunia machache ya kuuza. Hiyo akiba ya siku chache inatosha. Ya miezi ni kucheza kamari na mvua.

Njia usiwe nayo moja. Meli ya Nansio kuja Mwanza ikiharibika au ziwa likichafuka, kuna kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, kisha barabara ya Bunda. Ni mzunguko, kwa hiyo ulizia nauli yake leo, usingoje siku ya dharura. Kwa wateja wa Rwanda na Burundi, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko upande wa Geita. Dereva anayekudai pesa ya kusubiri kivuko hapo, mkatalie.

Na chombo kilichojaa kupita kiasi usikipande, hata kama mnunuzi anakusubiri Mwaloni na pesa mkononi. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, wakafa watu zaidi ya 200. Mzigo uliochelewa utauzwa kesho.

Kuhusu nauli, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Patana na mwenye lori baada ya tangazo, bei yenu ishike hadi tangazo linalofuata, na muandike kuwa ni bei ya kila gunia. Mkubaliane pia ukubwa wa gunia, maana rumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ndiyo huleta ugomvi wakati wa kushusha.