Fundi anataka kuziba uani, nimkubalie?

SWALI: Assalam aleikum kaka. Nakaa Ngamiani hapa Tanga, bibi katuachia nyumba ya Kiswahili ile ya ukanda katikati na vyumba vitatu kila upande, imechoka tunaivunja tujenge upya. Kiwanja mita 12 kwa 20, majirani wametubana kushoto kulia mpaka mtu akikohoa kwao unamjibu pole. Fundi kaleta ramani ya vyumba vinne vyote masta, sebule kubwa, uani wote umezibwa bati, anasema ndo kisasa, joto likizidi mtafunga AC. Mimi nataka nyumba yenye hewa na utulivu japo kidogo, nina watoto wanne. Mume wangu yuko na fundi. Tufanyeje?
Mama wa wanne, Ngamiani

JIBU: Waaleikum salam dada. Shemeji anisamehe, leo siko upande wake.

Ramani hiyo ni ya viwanja vya nje ya mji, kule nyumba inakaa katikati na madirisha yanafunguka pande zote. Ngamiani dirisha la ubavuni ukilifungua unapokea moshi wa jiko la jirani na redio yake juu. Kwahiyo hewa na mwanga itabidi mvitoe ndani kwenu, na pa kuvitolea ni huo huo uani anaotaka kuuziba! Acheni hata mita 4 kwa 5 wazi, hiyo ni mita za mraba 20 kati ya 240, yaani sehemu moja tu ya 12, halafu vyumba vyote viuangalie. Pandeni mlimau au mkomamanga, mwembe hapana, mizizi yake itawasumbua msingi.

Sasa hewa, na hapa ndo mafundi wengi wanakosea. Chumba chenye dirisha moja hata liwe kubwa vipi hewa haipiti, inataka pa kuingilia na pa kutokea, ndo maana bibi saa nane mchana mkeka wake ulikuwa ukandani na mlango wa mbele na wa uani vyote wazi, upepo wa baharini unapita hapo hapo. Ukanda ubaki, mnyooke. Juu ya milango ya vyumba wekeni matofali ya matundu. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma pembeni mi siyapendi, unalipia dirisha zima linafunguka nusu, chukueni ya kufunguka kama mlango, na wavu wa mbu.

Tanga iko kama digrii 5 kusini ya ikweta, jua la mchana liko utosini, adui wenu mkubwa ni bati. Silingi iwe juu, na pale juu ya silingi acheni matundu yenye wavu joto litoke. Upande wa magharibi wekeni vyoo na stoo, jua la jioni lichome ndoo.

Sakafu ya uani iwe chini ya nyumba kama sentimita 15, na bomba la maji la inchi 4 kwenda nje, la sivyo masika mtaogelea sebuleni.

Shemeji akisema uani ni ushamba, mwambie Colombo kule Sri Lanka, mji wa joto na pwani kama sisi, msanifu Geoffrey Bawa mwanzoni mwa miaka ya 1960 alimjengea Ena de Silva nyumba mjini katikati, ukuta umeziba barabarani, ndani uani mkubwa, na mpaka leo wasanifu wanaisoma. Si ushamba huo.

Masta nne punguzeni, moja yenu na choo kimoja cha watoto vinatosha, nafasi ya uani inapatikana hapo. Shemeji mpeni AC moja chumbani kwenu, yaishe. Ila jikoni kukae mbali na chumba hicho, na mchoro mpya upelekeni halmashauri ya jiji mpate kibali kabla hamjang'oa hata bati moja la bibi. Utulivu wa watoto wanne sasa, hapo sina ramani dada.