Ukipewa pambano ambalo hakuna anayeamini utashinda

Simu ilikuja Jumanne jioni na pambano lilikuwa Jumamosi. Bondia aliyepangwa mwanzo alikuwa ameumia mkono mazoezini, wakawa wanatafuta mtu yeyote wa uzito ule. Mpinzani mwenyewe alikuwa hajapoteza pambano msimu mzima. Kocha akaniuliza neno moja tu, "Utaingia?" Nikasema nitaingia.

Niliingia nikiwa na shabaha moja, kumaliza raundi tatu nikiwa wima. Nikazimaliza. Nilipoteza zote tatu, na watu wakanipa mkono wakisema nimevumilia sana. Kocha alisubiri mpaka tulipokuwa tunafungua bandeji mikononi, ndipo akasema, "Ulikwenda kuvumilia, umevumilia. Ulichokitaka umekipata." Hakuwa amekasirika. Aliendelea kuviringisha bandeji zangu taratibu, kama kawaida yake, na mimi sikuwa na la kujibu.

Siku hizi nafundisha, na kila mwaka namwona kijana mmoja au wawili wakipangiwa mtu ambaye ukumbi mzima unaamini atawamaliza. Kila mmoja huniuliza afanyeje asiumbuke. Nawaambia swali hilo ndilo linalompoteza mtu. Ukiwatazama vizuri mabondia waliopewa nafasi ndogo kisha wakaishangaza dunia, wengi hawakushinda kwa kuponea chupuchupu. Walitawala. Walikuwa juu tangu kengele ya kwanza.

Najua ngumi moja inaweza kugeuza kila kitu. Hasim Rahman alimzimisha bingwa wa dunia Lennox Lewis raundi ya 5 kule Afrika Kusini mwaka 2001 kwa mkono mmoja wa kulia. Lakini hiyo siwezi kumwandalia mtu. Naweza kumwandalia kile alichokifanya Buster Douglas.

Tarehe 11 Februari 1990, Tokyo. Mike Tyson, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, alikuwa ameshinda mapambano 37 bila kupoteza, na kasino ya Mirage kule Las Vegas ilimpa Douglas uwiano wa kamari wa 42 kwa 1, yaani karibu hakuna aliyeamini angeshinda. Mama yake Douglas alikuwa amefariki wiki tatu tu kabla ya pambano. Wengi hupenda kulisimulia pambano hilo kwa upande wa huzuni, kwamba mtoto alipigana kwa ajili ya mama. Sitaki kulidharau hilo hata kidogo, ila uchungu peke yake haumfundishi mtu kusimamisha ngumi yake mahali sahihi. Litazame tena ukiangalia mkono wa kushoto wa Douglas tu, usiangalie kitu kingine. Alikuwa mrefu kuliko Tyson na mikono yake ilifika mbali, kwa hiyo kila Tyson alipotaka kuingia ndani alikuta ngumi ya mbele imeshafika usoni, na nyuma yake inakuja ya kulia. Tyson alipofanikiwa kusogea, Douglas alimkumbatia, akamzuia, akageuka, wakaanza upya. Raundi baada ya raundi ilikuwa kazi ileile. Kufikia katikati ya pambano jicho la kushoto la Tyson lilikuwa linafunga, na kona yake, yaani wasaidizi wake, haikuwa hata na kile chuma baridi cha kukandamiza uvimbe. Walitumia glovu ya mpira iliyojazwa maji ya barafu.

Jambo hilo la glovu huwa nawaeleza wanafunzi wangu kwa kirefu. Kona inayokuja bila vifaa vya kutibu uvimbe ni kona ambayo haikutegemea bondia wake kupigwa. Dalili zilikuwepo hata kabla, kwa sababu wiki chache nyuma Tyson alikuwa ameangushwa na bondia Greg Page kwenye sparingi, yaani pambano la mazoezi, hukohuko Tokyo. Bingwa anayeogopwa na kila mtu hukosa watu wa kumsumbua, na polepole huanza kuacha vitu vidogo. Kazi yako wewe usiyepewa nafasi ni kuvitafuta vitu hivyo kabla hujapanda ulingoni.

Mfano mzuri kuliko yote kwangu mimi ni wa zamani sana. Mwaka 1936 Joe Louis alikuwa kijana asiyeshindika, na Max Schmeling wa Ujerumani alionekana bingwa wa zamani aliyekwisha. Schmeling alimchunguza Louis kwa makini na kuona jambo moja. Baada ya kurusha ngumi ya mkono wa kushoto, Louis aliurudisha mkono ukiwa chini, na kwa kitambo kifupi shavu la kushoto lilibaki wazi. Basi. Schmeling alikwenda New York na mkono wake wa kulia ukiwa unasubiri nafasi hiyo. Raundi ya 4 Louis alianguka, raundi ya 12 akahesabiwa mpaka kumi. Pambano zima lilijengwa juu ya kosa moja la mkono mmoja.

Nilipopata nafasi ya pili ya namna ile, yapata mwaka mmoja baada ya kushindwa kwangu, nilifanya hivyo. Nilikwenda kumtazama mpinzani wangu akipigana mara mbili, nikakaa karibu na kona, daftari mfukoni. Kila baada ya ngumi mbili alikuwa anarudi nyuma moja kwa moja, na mikono inashuka mpaka kifuani. Si mara moja moja, ni kila mara. Kocha akachukua glovu kuukuu akaifunga kwenye mpini wa ufagio. Kwa wiki tano alinirushia ile glovu mara mbili kisha akaivuta, na mimi kazi yangu ilikuwa kupiga hatua mbele naye na kutoa kushoto, kulia. Niliichukia ile glovu. Siku ya pambano, katika dakika ya kwanza, mpinzani alirusha mbili, akarudi, na ngumi yangu ya kulia ikamkuta palepale ilipokuwa ikiikuta ile glovu. Nilimwona akikunja uso, akaitazama kona yake. Kuanzia hapo hakuwa yule niliyekuwa nikiambiwa habari zake. Majaji walinipa raundi zote tatu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndio mkubwa, ni huu: tafuta kitu kimoja. Usiende na mbinu kumi, kwa kuwa ukiwa umepigwa na pumzi zimekata hutakumbuka kumi. Utakumbuka kile ulichokirudia mpaka ukakichoka.

Wakati mwingine kitu hicho kinakudai ubadilike wewe mwenyewe, na hapo wengi hushindwa kwa sababu ya kiburi. Marco Antonio Barrera alijulikana kwa kusimama na kubadilishana makonde bila kurudi nyuma. Alipokutana na Naseem Hamed Las Vegas, Aprili 2001, Hamed alikuwa na ushindi wa mapambano 35 bila doa, anatumia mkono wa kushoto, na mkono huo ulikuwa umewalaza wengi. Watu walitarajia Barrera aingie kichwa kichwa, naye Hamed amkamate. Barrera hakuingia. Alizunguka kuelekea kushoto kwake, mbali na ule mkono wa hatari, akatulia, akasubiri Hamed akose, kisha akamwadhibu kwa ngumi ya pembeni ya kushoto. Raundi ya 12 aliukandamiza uso wa Hamed kwenye kona ya ulingo na akakatwa pointi, jambo ambalo sitaki mwanafunzi wangu aige, lakini hata baada ya kukatwa alishinda kwa majaji wote watatu. Hamed alipigana mara moja tu baada ya hapo.

Ikiwa wewe ni mtu wa kubadilishana ngumi, huenda kitakachokupa ushindi ni kutobadilishana. Kinyume chake pia kipo. George Foreman alipokutana na Joe Frazier mjini Kingston, Jamaika, Januari 1973, Frazier ndiye aliyekuwa bingwa asiyeshindwa na ndiye aliyepewa nafasi. Foreman hakuzunguka popote. Alimsukuma Frazier kwa mikono ili asimkaribie kifuani, akampiga kwa ngumi za kutokea chini, na ndani ya raundi mbili akamwangusha mara sita.

Sasa kuhusu muda mfupi wa maandalizi, maana hilo ndilo linalowakumba wengi wasio na majina. Andy Ruiz aliitwa kumkabili bingwa wa dunia Anthony Joshua baada ya Jarrell Miller kuondolewa kwa kufeli vipimo vya dawa zilizokatazwa. Alikuwa tayari yumo kazini, maana alitoka kupigana tarehe 20 Aprili 2019, na tarehe 1 Juni akawa ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Hassan Mwakinyo naye mwaka 2018 alikwenda Birmingham kama mbadala wa dakika za mwisho, kupigana na Sam Eggington aliyewahi kuwa bingwa wa Uingereza na wa Ulaya, mbele ya mashabiki wa Eggington. Raundi ya 2 mwamuzi alisimamisha pambano, Mtanzania amempiga Mwingereza nyumbani kwao. Simu za namna hiyo hazikupi wiki nane za kukimbia. Kama pumzi huna siku simu inalia, hutakuwa nazo siku ya pambano. Mimi ile Jumanne sikuwa nazo, na nilijua.

Kuna jambo jingine kuhusu Ruiz na Douglas ambalo nalipa uzito mkubwa. Wote wawili walianguka kwanza. Ruiz aliangushwa raundi ya 3, akainuka, na katika raundi hiyohiyo akamwangusha Joshua mara mbili, kisha mara mbili tena raundi ya 7 pambano likaisha. Douglas aliangushwa mwishoni mwa raundi ya 8. Kila aliyekuwa akitazama alidhani hadithi imeisha. Douglas alisimama kwenye tisa, kengele ikalia, na raundi ya 9 akarudi na mkono wake uleule wa kushoto kana kwamba hakuna kilichotokea. Raundi ya 10 alimpata kwa ngumi ya kutokea chini na nyingine nne zikafuata, na Tyson akaonekana kwa mara ya kwanza akipapasa sakafu kutafuta kinga yake ya meno.

Kuanguka nako tunakufanyia mazoezi. Mwishoni mwa sparingi, mwanafunzi akiwa hoi, namwambia apige goti. Nahesabu kwa sauti. Haruhusiwi kuinuka kabla ya nane, na anatakiwa anitazame machoni wakati wote. Akiinuka, dakika moja ya kufanya kile kitu chake kimoja, si kulipiza kisasi. Mara za kwanza wote huinuka kwenye mbili au tatu na kurusha ngumi ovyo. Baada ya mwezi hivi wanaanza kupumua pale chini.

Kuhusu siku ya baada ya ushindi nitasema kidogo tu. Douglas alimaliza mwaka uleule akiwa amenenepa na kupigwa na Evander Holyfield raundi ya 3. Ruiz aliongezeka uzito na kupoteza pambano la marudiano mwezi Desemba. Rudi mazoezini Jumatatu.

Wiki hii nina binti mmoja amepangiwa mpinzani aliyeshinda mashindano mawili mfululizo. Jana tulikaa na simu yake, tunatazama mapambano ya yule msichana, sauti tumezima. Niliona mengi lakini nikanyamaza. Baada ya kama nusu saa alisimamisha video, akarudisha nyuma, akacheza tena, akarudisha.

"Kocha," akasema, "kabla hajatupa mkono wa nyuma, kisigino kinapanda. Tazama. Na hapa tena."

Sikuwa nimekiona. Tumeshatafuta glovu kuukuu.